Safari ya Kumtafutia Mjomba Chuma Baraka

Jamaa zangu wa barazani kwa Ombati mshona viatu, kila nikianza kuwasimulia mnanikatiza. Mmoja anauliza nilikula nini, mwingine anauliza kama ni kweli nililala na koti siku zote, na Ombati mwenyewe hugonga soli kwa nyundo hasa ninapofika mahali patamu. Basi nimeandika. Someni kwa zamu, na msipanguse mikono yenye gundi kwenye karatasi zangu.

Mnanijua. Mimi Makori ni mtu wa kwangu. Tangu nimalize Kidato cha Nne, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Kisii mjini kung'olewa jino, na hata hiyo nilirudi na jino langu, kwa sababu foleni haikusogea nami nikakumbuka sijahamisha mbuzi. Mke wangu Kemunto husema siku ya kufa kwangu kaburi litabidi lichimbwe chini ya kiti changu, nisisumbuliwe. Kwa hiyo nikisema nilikuwa njiani siku saba, jueni kulikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa Mjomba Mokaya, mdogo wa mwisho wa marehemu mama. Amenizidi miaka miwili tu, lakini mjomba ni mjomba. Ninyi mnamjua kwa jina la Chuma, yule mpiga gitaa la umeme mwenye nywele kama kichaka cha lantana na viatu vya soli ndefu vinavyomfanya atembee kama kuku aliyekanyaga matope. Alifika kwangu Jumanne na gitaa, kipaza sauti chenye ukubwa wa kabati la vyombo, na betri ya gari.

"Makori," akasema kabla hata hajaketi, "nimeitwa Zambia. Kuna bendi Lusaka inataka mtu wa kupiga kama mimi. Miaka miwili, pengine zaidi."

"Hongera, Mjomba. Nenda."

"Siendi bila baraka ya Tata."

Hapo nikaelewa kwa nini amekuja kwangu. Tata, yaani baba yake, ni babu yangu Mzee Nyariki, mzee wa kanisa la Wasabato, anayeishi huko sikimu, kwenye mashamba ya wazungu yaliyogawiwa watu wetu baada ya uhuru. Baba na mwana hawakuwa wamesemezana kwa miaka saba. Mjomba alikuwa ameona mtu akivuka mipaka bila baraka ya baba, na aliyoyaona hakutaka yampate yeye. Alitaka baba yake amsikie akipiga, walau mara moja, kisha aseme neno. "Hawezi kubariki kitu asichokijua," alisema. "Na wewe mnataniana naye. Wewe utanifungulia mlango."

Hilo ni kweli. Kwetu Abagusii mjukuu na babu hutaniana watakavyo. Baba na mwana ni jambo jingine.

Kulikuwa na sababu ya pili, na afadhali niikiri mapema. Miaka saba nyuma, Mjomba alipopata kupiga kwa mara ya kwanza mbele ya umati, uwanjani Kisii, ni mimi niliyemwandikia babu barua ya kumwalika. Niliipamba kwa Kiswahili changu chote cha shuleni. Barua haikujibiwa, babu hakutokea, na kiti tulichomwekea kilikaa kitupu mpaka mwisho. Tangu siku hiyo Mjomba aliamini baba yake amemkataa.

Kemunto alinifungia ndizi za kuchemsha. "Nenda," akasema, "angalau tupumzishe macho."

Ogembo hadi Kisii

Tulipanda lori la ndizi. Dereva alituweka juu ya mikungu, akasema tusiiponde, kana kwamba mtu anaweza kukalia ndizi kwa adabu. Mjomba alikumbatia kipaza sauti chake kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Huko juu ndiko alikonisimulia maisha yake, maana mimi nilikuwa nikiyajua kwa uvumi tu. Gitaa la kwanza lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia na nyaya za breki za baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya babu, na babu aligundua zilikokwenda breki akiwa tayari kwenye mteremko. Baadaye akapelekwa chuo cha ualimu, akakaa mihula miwili, akatoroka na bendi ya rumba iliyopita hapo ikielekea Nakuru. Kwenye rumba alidumu mwaka na nusu. Kiongozi wa bendi alimfukuza kwa sababu kila wimbo ukifika katikati, gitaa la Mokaya lilianza kunguruma.

"Ulikuwa unaumwa?" nikamuuliza.

"Unakumbuka kinu cha kusaga mahindi hapa Ogembo, kabla Tata hajahamia sikimu? Injini inavyoanza, kifua chako kinatetemeka kabla hujasikia kitu? Mimi nilikuwa natumwa na mahindi, narudi jioni, napigwa. Walidhani nacheza njiani. Nilikuwa nimesimama ukutani mwa kinu nasikiliza. Nilitaka gitaa lifanye vile."

Akaenda Nairobi, akapata wenzake wawili wenye wazimu huohuo, wakapiga kwa miaka minne. Wahindi wenye kumbi waliwafukuza kwa kelele, vijana wakawafuata kwa kelele hizohizo. Alinionyesha vidole vyake, vigumu kama pembe. Sikio la kushoto, akasema, humlilia kama nyenje usiku kucha.

"Na hii ndiyo kazi," nikasema.

"Na wewe? Yako ni ipi?"

Nikampa ndizi.

Kisii: wema wa fundi

Lori la kuelekea Nyamira lilikuwa lipakie pareto Ijumaa. Sisi tulifika Jumatano. Mjomba alikuwa na rafiki mjini, Bwana Idi, fundi wa redio, Mwislamu mpole ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani na kwa namna fulani akafika mlimani kwetu. Alitupa chumba nyuma ya duka. Mkewe alitupikia chapati na maharagwe ya nazi. Nazi ilinishangaza kidogo, nikajiuliza kama maharagwe yameharibika, lakini kwa heshima nilikula sahani tatu.

Alhamisi Mjomba alikwenda kutafuta nyuzi za gitaa. Kabla ya kuondoka alimwomba Bwana Idi aangalie waya wa betri uliokuwa umelegea. Mimi nilibaki nikichunga mizigo, yaani nililala.

Nilipoamka Bwana Idi alikuwa amefungua kipaza sauti chote. Alinitazama kwa huruma.

"Maskini mjomba wako," akasema. "Spika yake imechanika vibaya. Tazama, imekatwakatwa kama kwa wembe. Amesafiri na kitu kibovu namna hii na hata hakulalamika. Mtu mstaarabu sana."

Alikuwa ameshabandika vipande vya karatasi nyembamba kwa gundi, safu juu ya safu, kwa subira ya mtu anayefuma kofia. Nilimsifu. Nilimshikia hata taa.

Mjomba aliporudi, Bwana Idi alimwambia kwa furaha, "Hilo la spika sitaki hata asante. Ni zawadi ya safari."

Mjomba aliangalia ile spika. Akaguna. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafunika uso kwa mikono. Bwana Idi alidhani ni shukrani, akampigapiga mgongoni.

Chumbani ndipo Mjomba aliponieleza kwa sauti ya chini. Michano ile aliifanya mwenyewe, kwa wembe. Ilimchukua spika tatu kujua ikatwe wapi na kwa urefu gani. Mngurumo wote wa Chuma, miaka minne ya Nairobi, hata Lusaka kumwita, vilikuwa mumo ndani ya ile karatasi iliyochanwa.

"Ungemwambia," nikasema.

"Mtu ameshinda na gundi kwa ajili yangu nimwambie nini? Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilishika taa," nikasema.

Nyakoe: dawa ya minyoo

Ijumaa asubuhi tukaondoka juu ya magunia ya pareto, ambayo ni laini kuliko ndizi ila yanakupigisha chafya mpaka unasahau jina lako. Nyakoe lori lilisimama kupakia zaidi. Dereva akasema nusu saa, akaingia hotelini, akaagiza nyama. Nikajua hapo tumefika.

Ilikuwa siku ya soko. Mjomba alitaka kujaribu kipaza sauti baada ya matibabu yake. Tukakiteremsha kando ya wauza viazi, tukaunga betri, akapiga. Jamani, ilitoka sauti safi, nyororo, tamu kama kwaya ya wasichana. Mjomba alikunja uso kama aliyeuma limau. Lakini watu walianza kuja, wengi, wanawake kwa wanaume, wakasimama kwa adabu wakitusubiri.

Mama mmoja mnene mwenye kikapu cha kuku akanisogelea. "Dawa ni ya nini?"

"Dawa gani, mama?"

"Mnayouza. Watu wa spika huanza na muziki, halafu dawa. Mwaka jana ilikuwa ya kikohozi. Safari hii ni ya nini?"

"Hatuuzi dawa. Yule ni mwanamuziki."

Akamtazama Mjomba kuanzia nywele mpaka soli. "Na ana minyoo?"

Nilijaribu kutangaza kwa sauti kwamba hakuna dawa. Hilo liliharibu mambo kabisa. Kumbe dawa inayofichwa ndiyo yenye nguvu. Mzee mmoja alinivuta koti akaninong'oneza ugonjwa wake wote, na sitauandika hapa kwa sababu Ombati ana watoto wanaojua kusoma. Mwishowe Mjomba aliacha kupiga, akawauliza kwa upole, "Lakini muziki mmeupenda?"

"Ni mzuri," yule mama akasema. "Kama wa kanisani. Hata mchungaji angeupenda."

Kwenye magunia Mjomba alikaa akikitazama kipaza sauti chake. Nilijua anawaza nini, maana mimi pia niliwaza hilohilo: tulikuwa tunakwenda kwa mzee wa kanisa, na mikononi mwetu kulikuwa na sauti ambayo mchungaji angeipenda. Bwana Idi, bila kujua, alikuwa ametushonea suti ya harusi.

"Iache hivyohivyo, Mjomba," nikasema. "Mpigie tamu, apate kukubariki, ukifika Lusaka utaichana."

"Atakuwa amembariki nani?" akauliza.

Nikapiga chafya.

Nyamira: Sabato kwa Mama Moraa

Tulifika Nyamira jua likiwa limebakiza kama mkono mmoja kugusa milima. Mama Moraa ni dada mkubwa wa Mjomba na wa marehemu mama, kwa hiyo kwangu ni mama mkubwa, na ni Msabato wa kweli. Alitupokea mlangoni akitazama jua.

"Ingieni upesi! Makori, teka maji. Mokaya, pasua kuni. Likizama hilo, hakuna kazi tena mpaka kesho lizame."

Tulikimbizana kama watu wanaookoa nyumba inayoungua. Jua lilipozama kila kitu kilikuwa kimepikwa na kufunikwa, nasi tukaketi tukihema, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kuomba chai. Kuanzia mlangoni kwa Mama Moraa mpaka chini mtoni ni majani ya chai tupu, ameyapanda mwenyewe, anayachuma mwenyewe.

"Chai ni kileo," akasema. "Hatunywi."

"Lakini unalima, Mama."

"Na punda anabeba chumvi. Umemwona akila?"

Nikanywa maji ya moto yenye maziwa, nikashukuru.

Jumamosi yote hatukuweza kusogea. Tulikwenda kanisani, Mjomba akiwa amefunga nywele zake ndani ya kofia ya sufi ya marehemu shemeji yake. Tulikula ugali wa wimbi uliopoa na mboga ya chinsaga iliyopoa, na nawaambia, majani yale machungu yakilala yanakuwa matamu kushinda ya moto. Mchana Mjomba alitoa wembe mfukoni, akaanza kukizunguka kipaza sauti.

"Unafanya nini?" Mama Moraa akauliza bila kufumbua macho kitini.

"Nataka kukata karatasi kidogo tu, dada."

"Ni kazi?"

Mjomba akafikiri kwa uaminifu. "Ndiyo yangu."

"Basi ngoja lizame."

Akarudisha wembe. Lakini nilimwona Mama Moraa amefumbua jicho moja akimtazama. "Mokaya," akasema, "Tata hajawahi kukutaja vibaya. Nataka ulijue hilo. Hajakutaja, basi."

"Ndilo linalouma, dada. Bora angenitukana."

Nyamira hadi sikimu

Jumapili Mama Moraa alituazima baiskeli. Kipaza sauti tulikifunga nyuma kwa kamba za katani, betri tukaitundika kwenye usukani ndani ya gunia, gitaa akalibeba Mjomba. Mimi nilibeba ushauri. Baiskeli haikupandwa hata hatua moja. Tuliisukuma milima yote ile, na ninyi mnaosema Nyamira ni karibu, nendeni mkaisukume.

Kwenye mto mmoja tukapumzika. Mjomba alifungua kipaza sauti, akatoa wembe, akanitazama.

"Makori, akinikataa akiwa amenisikia, nitakwenda nikijua. Lakini akimbariki yule mwanakwaya wa Nyakoe, mimi nitakuwa nimekwenda bila chochote."

Akaichana ile spika, taratibu, mchano baada ya mchano. Nilihuzunika kwa ajili ya gundi ya Bwana Idi. Alipomaliza aliunga betri, akagusa uzi mmoja tu. Mngurumo ukatoka, nyani wakahama upande wa pili wa mto, na mimi nikajikuta nimesimama bila kukumbuka nilisimama lini.

Tulifika saa tisa. Sikimu ni nchi nyingine. Hakuna vishamba vyetu vilivyobanana kama meno, kuna malisho mapana na ng'ombe wakubwa wenye maringo. Bibi alitupokea kwa machozi na maziwa mala. Babu alikuwa malishoni. Alipokuja na kumwona Mjomba amesimama uani, alisimama upande wa pili wa uzio. Walitazamana. Mjomba akainamisha kichwa. Babu akakohoa, akapinda kuelekea zizini.

"Umeona?" Mjomba akaniambia. Akaingia katika nyumba yake ndogo, ile aliyojengewa alipotahiriwa, ambayo Bibi aliifagia kila wiki kwa miaka saba.

Zizini kwa Babu

Asubuhi yake nikamfuata Babu zizini. Alikuwa anamkamua ng'ombe aitwaye Bosi.

"Nani amekutoa nyumbani?" akasema. "Kiti chako kimeungua?"

"Nimekuja kumchukua bibi yangu. Wewe umezeeka."

"Mchukue. Anakoroma." Akakamua. "Na sasa sema kilichokuleta."

Nikamweleza habari za Lusaka, na baraka. Babu hakusimamisha mikono. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile barua. Nani aliiandika?"

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. "Mimi, Babu."

"Nilijua. Mokaya hawezi kuandika 'kwa taadhima'." Akageuka, akanitazama. "Makori, uliandika nimewekewa kiti. Mahali gani?"

"Mbele."

"Mbele! Kati ya wasichana na vijana, niketi nimtazame mwanangu wa kumzaa akitingisha kiuno? Na maneno ya nyimbo za namna hiyo, niyasikie mimi na yeye tumetazamana? Wewe umeoa. Baba mkweo, ungemwalika mkaoge wote mtoni?"

Jamaa zangu, nilikaa chini kwenye kinyesi, na sikujali. Chinsoni. Aibu ile ya heshima kati ya baba na mwana, ambayo kila mtoto wetu anaijua kabla hajajua kuhesabu. Baba haingii nyumba ya mwanawe mkubwa. Baba hasimami kwenye ngoma ya mwanawe. Mjomba alikuwa amezama mjini akasahau, hilo linaeleweka. Lakini mimi? Mimi nisiyetoka nyumbani, ambaye sifa yangu moja duniani ni kukaa na mila zikiwa zimenizunguka, niliandika kwa mkono wangu "kiti cha mbele kabisa, kwa heshima yako".

"Kwa hiyo hukukasirikia gitaa," nikasema.

"Gitaa nilikasirikia lilipokula breki zangu. Hilo lilikwisha. Niliposoma barua nilisema, mtoto huyu ananifanya rika lake. Nikangoja aje aombe radhi. Hakuja."

"Yeye alikuwa anangoja wewe umwite."

Babu aliendelea kukamua. Maziwa yalipiga ndoo, swii, swii. "Miaka saba," akasema, si kwangu, labda kwa Bosi.

Nikaomba radhi pale chini. Babu akaikubali kwa kunirushia mchirizi wa maziwa usoni moja kwa moja kutoka kiwele, nikajua nimesamehewa. Kisha nikamwambia kilichobaki: Mjomba anataka asikike kwanza.

"Nimekwambia siwezi."

"Najua, Babu."

Akakamua, akafikiri. "Mimi," akasema polepole, "saa kumi nakamua tena. Nakamulia hapa, kila siku, hata Yesu anajua. Nyumba yake iko kule. Sasa kama sauti itatoka kule yenyewe na kufika hapa, mimi sikwenda kuisikiliza. Imenifuata."

Nilikimbia kumpelekea Mjomba habari hizo, mimi ambaye sijawahi kukimbilia hata mvua. Nilimweleza yote, barua, kiti, chinsoni. Nilidhani atanipiga. Alikaa kitandani akarudia tu, "Mbele. Tulimweka mbele," akashika kichwa. Kisha akauliza, "Kutoka hapa mpaka zizini ni hatua ngapi?"

"Mia na kitu."

Akakigeuza kipaza sauti kielekee dirishani.

Saa kumi nilikuwa na Babu, nimeshika ndoo ya pili. Mngurumo wa kwanza ulipotoka, Bosi alipiga teke ndoo na maziwa yakamwagika. Babu akamshika mguu, akamsemesha, akaanza upya. Kuku walikimbilia migombani. Jirani alitoka na panga, akamwona Babu ameketi kimya anakamua, akarudi ndani. Mjomba alipiga kama ninavyojua sasa hupiga: sauti nzito inayokuingia tumboni kwanza, halafu juu yake nyingine inayolia peke yake kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo. Wimbo wa pili ulikuwa wa kasi sana.

"Nani anamfukuza?" Babu akauliza.

"Ndivyo ulivyo, Babu."

"Mpiga obokano zamani alikuwa anaketi. Nyuzi nane, kinanda kikubwa kama mtu, lakini ameketi. Huyu amesimama?"

"Amesimama."

"Inasikika."

Wimbo wa tatu ulikuwa wa taratibu. Katikati yake niliona mikono ya Babu imesimama. Ameegemeza paji la uso ubavuni mwa Bosi, na Bosi ametulia. Nilitazama pembeni, kwa sababu kuna mambo hata mjukuu hayatazami.

Sauti ilipokwisha Babu alisema, "Mwambie wa tatu." Basi. Nikaenda nikamwambia Mjomba, "Amesema wa tatu." Akanishika shati, "Wa tatu umefanyaje?" Sikujua. Akaupiga tena, na nilipotazama zizini Babu alikuwa bado ameketi, ingawa ng'ombe alikuwa ameshakauka.

Asubuhi ya kuondoka

Jumanne kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Mjomba alitoka na gitaa mgongoni, akasimama upande huu wa uzio. Babu alikuja akasimama upande ule. Mimi nilikuwa katikati na ndoo ya maziwa ya asubuhi.

Babu akanitazama mimi. "Makori, mwambie mjomba wako kwamba amefanya vizuri kuja."

Mjomba alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Nikageuka. "Babu anasema umefanya vizuri kuja."

"Mwambie nilikosea kuhusu kile kiti," Mjomba akasema.

"Anasema alikosea kuhusu kiti."

"Mwambie sasa najua," Babu akasema.

Nilikuwa mkalimani wa Ekegusii kwa Ekegusii, nikigeuka huku na huku mpaka maziwa yakaanza kupata siagi. Kisha Babu alivua kofia, nasi tukainamisha vichwa. "Mwambie Nyasae, Mungu wetu, amtangulie barabarani. Aheshimu watu wa huko. Mkono wake usichoke. Na akichoka, mwambie huku kuna kwao."

Nilianza kuyarudia. Nilipofika kwenye "kwao" nikajifanya nakohoa. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa vilevile.

Babu akarudisha kofia. "Mwambie afunge vifungo, kuna baridi."

"Babu anasema ufunge—"

"Nimefunga, Tata," Mjomba akasema.

Nilisikia Bosi akicheua.

"Cha juu hujafunga," Babu akasema.

"Cha juu kimekatika, Tata."

"Kimekatikia wapi?"

"Nakuru, zamani. Ninacho mfukoni."

"Miaka yote hiyo unatembea na kifungo mfukoni?"

"Sina sindano, Tata."

"Mama yako anayo. Na hiyo suruali ndiyo inavaliwa Lusaka? Inafagia."

Nikatazama huku, nikatazama kule. Hakuna aliyekuwa na habari nami. Nikachukua ndoo yangu nikaenda jikoni, ambako Bibi alikuwa amesimama nyuma ya mlango na mwiko mkononi, hapiki kitu.

"Wanasemaje?" akanong'ona.

"Wanabishana kuhusu kifungo."

"Wote wawili? Tata yake mwenyewe anasema naye?"

"Wote wawili, Bibi. Anataka sindano."

Aliweka mwiko chini. Akakifungua kile kikopo cha bati anachowekea nyuzi, akachagua mweupe, akaweka ncha mdomoni, akajaribu kuupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Mara ya kwanza ulipita pembeni. Mara ya pili pia. Nikamwambia, "Lete, Bibi," nikaipokea sindano, nikamtilia uzi, nikamrudishia, naye akatoka nayo uani akiwa ameishika juu mbele yake, kama mtu anayebeba mshumaa kwenye upepo.